Maisha ya Mwalimu Sufuri, Baba wa Watoto Watatu

Wapendwa, tunamshukuru Mungu aliyetupa kaka yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Sufuri. Jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi seremala. Mama yetu alisema mtoto huyu alilala na rula ya baba kama wenzake wanavyolala na mdoli. Alimaliza sekondari mwaka 1971, akaenda chuo cha ualimu, na mwaka 1973 akafuzu hesabu na fizikia kwa alama za juu.

Januari 1974 alianza kufundisha katika sekondari iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2011. Somo lake la moyoni lilikuwa kubadilisha vipimo vya urefu, kutoka kilomita hadi nanomita na kurudi. Alisimama mlangoni na chaki mkononi, na hakuna aliyeingia darasani bila kujibu.

"Kilomita moja ni nanomita ngapi?"

"Trilioni moja, Mwalimu."

"Sufuri ngapi?"

"Kumi na mbili!"

Aliyekosea alibaki juani. "Ukienda kwenye kipimo kidogo, namba inakua," aliwaambia. "Kitu chenyewe ni kilekile. Msitishwe na sufuri." Mlango ule ulitoa madaktari na wahandisi. Ulitoa pia watu wenye kigugumizi. Mmoja wao yupo hapa leo, na ameniambia amekuja kuhakikisha.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na wifi yangu. Siku alipokwenda kujitambulisha, baba mkwe alimuuliza kwao ni umbali gani. Akajibu, "Milimita milioni ishirini na nne." Mama mkwe akashika kichwa: "Jamani, mwanangu anapelekwa nchi gani?" Zilikuwa kilomita ishirini na nne tu. Wifi alicheka siku hiyo. Ananiambia ndiyo mara ya mwisho kucheka kwa sababu ya hesabu.

Mungu aliwajalia mtoto wa kiume, wa kike, na kitinda mimba wa kike. Huyu wa mwisho alisoma darasani kwa baba yake mwaka 1999. Alipoulizwa lile swali la mlangoni, alihamisha nukta upande usio wake, na kilomita nzima ikawa ndogo kuliko punje ya vumbi. Darasa likaangua kicheko. Mtoto akasema, "Baba, nimechanganyikiwa."

"Baba yako nani? Nukta we! Siku utakayojibu sawasawa mbele ya watu ndiyo utaniita Baba. Hapa na nyumbani."

Tulidhani ni hasira za siku moja. Mtoto akabaki Nukta, mpaka kwenye kadi za harusi yake. Na yeye akamwita baba yake Mwalimu, mezani, mlangoni, kwenye simu. Wifi aliposihi, marehemu alijibu kwamba yeye hatoi alama za huruma. Hakumuuliza tena swali lolote.

Mwezi Mei 2022 marehemu alianza kuumwa tumbo. Wakubwa wako mbali kikazi, hivyo Nukta ndiye aliyeomba ruhusa pale anapooka mikate, akampeleka hospitali. Nilikuwepo. Daktari alisema kuna uvimbe wa milimita arobaini, na ukikatwa mapema atapona.

Marehemu akacheka. "Arobaini? Hizo ni sufuri nukta sufuri sufuri sufuri sufuri nne za kilomita. Ndiyo mnipasue kwa kitu kama hicho?"

Nukta alikuwa ameshika koti lake. Akasema polepole, "Ni nanomita milioni arobaini, Mwalimu. Na kitu chenyewe ni kilekile. Kubali wakukate."

Daktari akamtazama. Muuguzi akamtazama. Mimi nikasubiri.

"Nani kakuuliza wewe?" marehemu akasema. Akachukua koti lake, akatoka.

Uvimbe haukumsubiri. Mwaka uliofuata alikuwa wa kubebwa. Nukta alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani. Siku moja nikamwambia, "Kaka, mtoto alijibu mbele ya watu. Mwache akuite."

"Amepata moja," akasema. "Mtihani una maswali kumi."

"Basi muulize hayo tisa."

"Nimechoka."

Nukta alikuwa mlangoni na beseni. Akaingia, akasema, "Mwalimu, nikugeuze?"

Wiki hiyo marehemu alituagiza mimi na wifi kwamba katika wasifu huu tuandike ameacha watoto wawili. Wifi alilia. Alifariki Jumanne tarehe 19 Septemba 2023, kichwa chake kikiwa mkononi mwa Nukta. Hata hapo Nukta hakumwita Baba. Alisema, "Mwalimu amekwenda."

Marehemu ameacha mjane, wadogo zake wanne, wajukuu sita na watoto watatu: mmoja wa kiume na wawili wa kike. Watatu. Hapa kaka hatanisahihisha.

Mwanangu, sogea. Udongo wa kwanza ni wako. Muage kwa jina alilokunyima.

Mungu ampumzishe kaka yangu kwa amani, na amfungulie mlango bila kumuuliza swali.