Kadi Ina Pande Mbili: Bi. Verna Heikkinen Anaaga Dirisha Namba Tatu

Tarehe 30 Juni 2025, saa kumi jioni, Bi. Verna Heikkinen atafunga droo ya kadi katika Ofisi ya Msajili ya Chuo cha Portage Bluff, atatia ufunguo kwenye bahasha, na kwenda nyumbani kwake akiwa mstaafu. Atakuwa amekitumikia chuo hiki kwa miaka arobaini, miezi tisa na siku ishirini na sita. Tangazo lililobandikwa ubaoni linasema miaka arobaini na moja. Ameshalisahihisha kwa penseli.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Gail Tervo wa dirisha namba nne, niandike maneno mia tano. Kamati inisamehe. Mtu aliyekaa ubavuni mwa Bi. Verna miaka kumi na tisa hawezi kummaliza kwa maneno mia tano, labda awe na roho ngumu.

Bi. Verna, binti wa mchimbaji wa shaba, aliajiriwa tarehe 4 Septemba 1984 kama mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuchapa matokeo ya kila mwanafunzi kwenye kadi ngumu za rangi ya maziwa. Baada ya miaka minne akawa mhakiki wa rekodi, na hapo ndipo alipotia nanga. Mara tatu alipewa cheo cha Msajili Msaidizi, na mara tatu alikirudisha kwa shukrani. Alisema wakubwa wanashika kalamu tu, na yeye anataka kushika kadi.

Wapo wenzetu wa idara nyingine wanaopita na kahawa zao wakidhani sisi hapa tunagonga mihuri na kungoja mshahara. Haya, sikilizeni. Kijana wetu akitaka kusomea udaktari, hukusanya kila somo alilowahi kulisoma katika kila chuo alichowahi kukanyaga, alilofaulu na aliloanguka, na ofisi ya taifa ya maombi huyageuza yote kuwa namba moja: wastani wa alama. Namba hiyo ndiyo inayotangulia kubisha hodi kabla mwenyewe hajafika. Shida ni kwamba kila chuo kina kibaba chake. Somo lilelile huku ni krediti tano, kule tatu na kitu. Kuna chuo kimoja mashariki ambacho kila somo wanaliandika moja, basi, liwe la kemia au la kuimba. Bi. Verna alikipigia simu chuo hicho siku nne mfululizo hadi akampata mzee mmoja aliyestaafu, akakiri kwamba moja yao ni nne yetu. Aliandika jina la mzee yule na tarehe, akafungua jalada.

Kibaba chetu wenyewe nacho kilibadilika. Hadi mwaka 1996 chuo hiki kiligawa mwaka kwa mihula mitatu, kisha kikahamia mihula miwili. Krediti tatu za zamani zikawa sawa na mbili za sasa. Mfanyakazi mpya akichanganyikiwa, Bi. Verna humfundisha kwa chakula chake cha mchana cha Jumatano. Huleta pasti mbili, ile mikate ya kuokwa yenye nyama na viazi ndani, moja akaikata vipande vitatu, nyingine viwili. "Umeona? Pasti ni ileile," husema. "Kilichobadilika ni kisu." Kisha humpa mwanafunzi wake pasti ya vipande viwili, yeye akala ya vitatu. Simjui mtu aliyefundishwa hivyo akasahau.

Hakadirii kitu, na wala hasogezi namba kumpendeza mtu. Kocha wa mpira wa kikapu, ambaye simtaji kwa sababu ameahidi kuja na keki, aliwahi kuliegemea dirisha namba tatu kumtetea mchezaji wake. "Jamani, Bi. Verna, 2.996 si ni tatu tu?" Bi. Verna akamtazama juu ya miwani. "Ingekuwa tatu, Kocha, ingejiandika tatu." Kocha akaondoka. Mchezaji akarudia somo la takwimu, akapata 3.1, na mpaka leo huleta kadi ya Krismasi.

Lakini nimeyapita yale maneno mia tano kwa sababu ya siku moja, na siku hiyo ni Jumatatu ya tarehe 3 Julai 2006.

Ofisi ilikuwa ifungwe saa tisa kwa ajili ya sikukuu ya uhuru ya kesho yake. Saa nane na nusu akaingia Colleen Ruona, mwanamke wa miaka thelathini na nne, bado amevaa buti za kinu cha karatasi. Alisoma kwetu akiwa msichana, miaka ile ya mihula mitatu. Mama yake akaugua, yeye akawa analala hospitalini na kufanya mitihani akisinzia, mwishowe akaacha. Miaka kumi baadaye alirudi, akasoma akiwa mtu mzima, akafaulu hadi walimu wakawa wanamwogopa. Sasa alikuwa ameomba chuo cha udaktari kule kusini mwa jimbo.

"Nimekuja kuwashukuru tu," alisema. "Majibu yametoka. Wastani wangu 2.89. Wao mtu aliye chini ya tatu hawamsomi hata barua. Keshokutwa nasaini mkataba wa kudumu kinuni, yaishe."

Nilimpa pole. Nilikuwa nimeajiriwa wiki sita tu, bado niko kwenye majaribio, nikaona huo ndio mwisho wa habari. Bi. Verna, ambaye alikuwa amekwisha kuvaa koti, alinyoosha mkono. "Hebu hiyo karatasi." Akaitazama kwa muda ambao mtu anatazama saa ya ukutani. Akavua koti. "Hii namba si yako, Colleen."

Haki ya Mungu, hakuwa amegusa mashine yoyote. Alichukua bahasha iliyotumika, akaigeuza, akaanza kuandika huku akitamka kwa sauti kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Krediti za zamani tisini, wastani 2.1. Tisini za zamani ni sitini za sasa. Sitini mara 2.1, mia moja ishirini na sita. Krediti mpya sabini, wastani 3.9, mia mbili sabini na tatu. Jumla mia tatu tisini na tisa, gawa kwa mia moja na thelathini. "Tatu nukta sifuri sita tisa," akasema, akaweka penseli chini. "Wamezihesabu zile tisini kama tisini. Alama za mama kuumwa wamezipa uzito mara moja na nusu."

Colleen alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa palepale sakafuni, na buti zake.

Sasa, kwa nini wahesabu tisini? Ofisi ya taifa si wajinga. Wanahesabu walichoandikiwa. Kwenye kadi zetu za zamani, maelezo kwamba krediti ni za mihula mitatu yamo kwenye muhuri, na muhuri umegongwa nyuma ya kadi. Colleen alijaza maombi yake kutokana na kopi tuliyompa sisi, na nyingine tukaituma sisi wenyewe chini ya lakiri ya chuo. Kopi zote mbili zilikuwa na uso wa kadi tu. Mgongo haukutolewa kopi.

Waombaji hupewa siku kumi kulalamikia hesabu. Za Colleen zilikuwa zinakwisha Alhamisi, tarehe sita. Barua ya chuo na kopi kamili zilitakiwa zifike zikiwa karatasi halisi, na gari la vifurushi lilikuwa linapita saa kumi na nusu, halafu sikukuu. Likitupita hilo, Colleen angesaini kinuni Jumatano, na wote tuliomo humu tunajua mtu akishasaini kinuni hutoka lini.

Msajili wetu wa wakati huo, Bw. Stanton Pelkie, apumzike kwa amani, alikuwa mtu mwema na mwoga. Alisema barua ya kukiri kosa la chuo lazima ipitie kwa mwanasheria. "Tusubiri sikukuu ipite, Verna. Haraka ya nini?"

"Sikukuu itapita, bosi," akajibu, "na siku zake kumi zitapita nayo."

"Na utaratibu je? Barua ya kosa inataka jina la aliyekosa. Unaniambia niandike jina la nani?"

"Andika langu."

Bw. Pelkie alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Bi. Verna hakucheka. Alisema muhuri uko nyuma ya kadi, na aliyeamua mwaka 1996 ugongwe nyuma ni yeye, kwa sababu mbele aliona panabanana. Basi kosa ni lake, na mwanasheria akirudi kutoka kuvua samaki amkute mezani kwake. Akaketi, akaandika barua ya mistari saba. Kwenye nafasi ya wastani aliandika 3.069. Fomu ilitaka tarakimu mbili baada ya nukta, lakini alisema kukadiria namba ni kazi yao, wala si yake. Akatoa kopi ya kadi mbele na nyuma, akapiga lakiri, akatoka mbio na soksi zake za sufu na viatu vya wazi. Lile gari alilikuta linawasha injini.

Barua ilifika Jumatano. Siku hiyo hiyo Colleen alikwenda kinuni, akamwambia msimamizi wake asimngoje. Ijumaa namba ilisahihishwa. Oktoba aliitwa kwenye usaili, Februari akakubaliwa. Leo Dakta Ruona ana zahanati yake mtaa wa pili kutoka hapa, na ndiye anayenipima presha na kunikaripia kuhusu chumvi. Nusu ya mji huu hupitia mikononi mwake, na wengi hawajui kwamba mikono hiyo ilikuwa imebakiza siku mbili kufungwa maisha kwenye marobota ya karatasi.

Bi. Verna yeye alipata onyo la maandishi kwenye jalada lake, la kwanza na la mwisho. Hakulalamika. Alinunua kidau kipya cha wino mwekundu, akaanza kugonga muhuri mbele ya kila kadi ya zamani, moja baada ya nyingine, wakati wa mapumziko ya mchana. Kadi zilikuwa elfu sita mia mbili na kumi na mbili. Zilimchukua majira mawili ya baridi, theluji ikifika kwenye kingo za madirisha, sisi wengine tukila na kupiga soga. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemlipa. Siku alipogonga ya mwisho alifuta vidole, akauliza kama kahawa imebaki. Nimeona watu wengi wenye vyeo na medali, lakini sijawahi kumwona mtu mkubwa kama yule mwanamke mwenye vidole vyekundu.

Hapa ndipo wasifu ungeishia, kwa jinsi Bi. Verna anavyotaka uishie. Kama mnavyojua, hakuna karatasi inayotoka ofisi hii bila yeye kuisoma, na hata hii aliidai. Aliirudisha baada ya robo saa. Alisahihisha koma tatu na tarehe moja, kisha aya inayofuata akaikata yote kwa penseli na kuandika pembeni: "Haihusiki." Nimeirudisha. Ni hii.

Kopi zile mbili za upande mmoja nilizitoa mimi. Siku yangu ya kwanza kazini Bi. Verna aliniambia, "Gail, kadi ina pande mbili, kama mtu," na juu ya mashine ya fotokopi kulikuwa na karatasi inayosema hivyo hivyo kwa herufi kubwa. Niliisoma kila siku. Siku aliyokuja Colleen kuomba kopi, foleni ilikuwa ndefu, nikaona uso wa kadi unatosha. Bi. Verna alijua tangu alipoivuta ile kadi kwenye droo, kwa sababu kijikaratasi cha mtoaji kopi kilikuwa na herufi za jina langu. Alikitia mfukoni. Mtu wa majaribio mwenye kosa la namna ile angefukuzwa kabla ya fataki za kesho yake, na mume wangu alikuwa hana kazi mwaka wa pili. Lile gari lilipoondoka alirudi, akanikuta nalia chooni. Alisema, "Kuteleza si kuanguka. Jumatano njoo mapema, ukae mbele ya ile mashine, ujifunze kugeuza." Hajaligusia tena, hata siku moja, hata kwa utani. Colleen mwenyewe hakujua mpaka Jumapili iliyopita, nilipokwenda kumwambia. Alinipima presha, akasema iko juu, na akanikumbatia.

Kwa hiyo, Bi. Verna, onyo lile liondolewe kwenye jalada lako na liwekwe kwenye langu. Nimeshaandika barua kwa Msajili. Ina mistari saba, na nimetoa kopi mbele na nyuma.

Tunakushukuru kwa kila namba uliyokataa kuisogeza na kwa kila mtu uliyemgeuza upande wa pili kabla hujamhukumu. Nenda kaote moto wa sauna yako bila kuangalia saa, na pasti za Jumatano ule zote mbili. Tunakutakia maisha marefu na mema, na safari hii, tafadhali, usitusahihishe.

Gail Tervo
Dirisha Namba Nne