Waliopita Bila Kusalimu

Pikipiki ya tatu ilipishana na basi la Tarime kwenda Mugumu, na mwenye nayo hakupunga mkono. Dereva alikuwa amemwashia taa, akampigia na honi, lakini wapi. Theodosia, muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, alisikia abiria wawili wa mbele yake wakibishana.

"Njia hii wenye pikipiki husalimu hata dereva waliyegombana naye," alisema mzee mmoja mfugaji. "Asiyesalimu amekimbia kitu. Wezi wa ng'ombe wako mbele."

"Kwa heshima yako, mzee, hiyo ni hofu tu," alijibu mwalimu Gasto. "Barabara ina mashimo. Akiachia usukani ataanguka."

"Huyo mmoja sawa. Na wote watatu?"

Theodosia alimwombea mwalimu ashinde. Lakini kutoka kiti chake aliiona shingo ya dereva, imelowa jasho.

Walipokunja kona wakaikuta Landrova katikati ya barabara, milango wazi, haina mtu. Dereva akafunga breki. Hakuna aliyetaka kutangulia kushuka.