Mpira Ukiwa Juu

Baraza ya Mzee Mkubwa pale Kikwajuni ilikuwa ya saruji, imechubuka ukingo kwa kukaliwa. Kila alasiri Usi muuza kahawa alitua dele lake hapo, na wenyewe hawakosi: Muhiddin, aliyeitwa Kriketi kwa kuwa zamani alikuwa akifyeka majani ya kiwanja cha mchezo huo, Jecha, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, na Mcha, hamali wa bandarini, kijana mwenye mbio kuliko wote mtaani. Ijumaa ile, mwaka wa sitini na sita, Mcha alifika amenuna, akashika kikombe asinywe.

Meli ya Wakyuba ilikuwa bandarini ikipakia karafuu, na mabaharia wake wakawafundisha vijana wa pale mchezo wao wa besiboli. Mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo, na kituo chenyewe ni kipande cha gunia kilichotandikwa chini. Akirudi mpaka alipoanzia, kapata bao. Jana yake Mcha alikuwa kituo cha tatu, bao moja tu likitakiwa kusawazisha. Mwenzake akaupiga mpira ukapaa juu. Mcha akachomoka, akafika pale alipoanzia, akainua mikono. Kumbe nyuma huko baharia kaudaka ukingali hewani, kamtupia mwenziwe aliyekanyaga lile gunia la tatu, na mwamuzi akasema Mcha katoka. Mchezo ukaisha hapo. Bakar, nahodha wa timu ya vijana, hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba Jumamosi, mechi ya mwisho kabla meli haijaondoka, hatompanga mpaka ajue kwa nini katolewa, maana hata yeye Bakar hajui.

— Nataka kujua, alisema Mcha. Sitaki kupozwa.

Kriketi alikohoa. Akaeleza kwamba kwenye kriketi mpira ukidakwa hutoka aliyeupiga, basi.

— Kifo chake peke yake. Wewe umeonewa.

Redio alikataa. Kwa maoni yake, mpira ukiwa juu ni kama bendera inapopandishwa: kila mtu husimama alipo, na anayetembea hushikwa. Kriketi naye hakukubali kushindwa. Akasema watu wa meli walijifunzia mchezo ule juu ya sitaha, na mpira uliopaa ulikuwa ukiangukia baharini, kwa hiyo asiyekuwa juu ya gunia huhesabiwa kazama. Redio akamuuliza kama basi gunia ndiyo mashua. Kriketi akajibu kuwa ndiyo, na anayedaka ndiye papa. Usi alicheka mpaka akamwaga kahawa.

Mcha hakucheka. Alivua kandambili moja, akaiweka njiani iwe kituo, akajaribu kila neno lao kwa miguu yake. Kisha akatikisa kichwa.

— Haiwi. Mechi ya mwanzo mpira ulidakwa, na baharia wao mmoja akakimbia akapewa bao. Huyo mbona hakuzama?

Hapo alikuwa kafika Bi Wanu, mgeni kutoka Makunduchi aliyemtembelea bintiye nyumba ya pili, na birika mkononi. Mcha akamwamkia, naye akaitikia marahaba. Alikuwa kasikiliza kidogo.

— Huyo wao aliyepewa bao, mwanangu, mpira ulipoingia mikononi mwa mdakaji, yeye miguu yake ilikuwa wapi?

Kriketi alimtazama Redio, Redio akatazama ndani ya kikombe. Siku ile wote walikuwa wakiutazama mpira. Miguu ya yule baharia hakuna aliyeiona.

Mcha akavaa kandambili yake, akanunua ndimu moja dukani, akashika njia ya bandarini. Getini akamkuta baharia mmoja anavuta sigara. Lugha ya pamoja hawana. Mcha akaweka kandambili chini, akarusha ndimu juu. Baharia akatabasamu, akakanyaga kandambili, macho juu, asitikisike. Ndimu ilipotua kiganjani mwa Mcha, ndipo akatimka mbio. Mcha akairusha tena mara nyingine, na nyingine, mpaka ndimu ikapasuka.

Asubuhi alimweleza Bakar.

— Mpira ukidakwa, safari yako huanza pale unapodakwa. Ukitangulia, umeondoka kabla ya ruhusa. Wakiufikisha kwenye gunia uliloliacha hujarudi, umetoka.

Akapangwa. Jioni, mabao yakiwa sawa, Mcha alikuwa tena kituo cha tatu. Mpira ukapaa. Kiwanja kizima, Redio akiwa wa mbele, kikamlilia akimbie. Mcha alibana kisigino juu ya gunia, moyo ukimwenda mbio, miguu kaizuia. Waliokuwa karibu wakaanza kumtukana. Akangoja mpaka aliposikia mpira umelia ndani ya ngozi ya glovu ya mdakaji.

Ndipo akaondoka. Mpira ulimfuata, akajitupa chini juu ya gunia aliloanzia, vumbi likamfunika yeye na baharia aliyekuwa akiungoja mpira hapo. Mwamuzi alisogea, akainama, akatandaza mikono: kafika salama.