Chafya ya Kamunyonge

GHATI: Haloo? Nani mwenzangu?

EVANCE: Shemeji, ni mimi, Evance. Namba nyingine hii, ile haishiki huku Bunda.

GHATI: Aa, mume wa mdogo wangu. Nikajua ni wale wa kuniambia nimeshinda pikipiki. Habari za Bunda?

EVANCE: Nzuri tu. Za Butiama? Shule vipi?

GHATI: Tunasukuma. Nasahihisha mtihani hapa, mmoja kaandika amiba anapatikana Serengeti. Nimempa nusu maksi kwa uzalendo. Boke hajambo?

EVANCE: Hajambo, yuko nyumbani Musoma, pale Kamunyonge, na kichanga. Sasa shemeji, salio langu dogo —

GHATI: Lako huwaga dogo. Sema.

EVANCE: Unalikumbuka lile gamba?

GHATI: La Lindi? Mtu anasahau msiba wake? Ndoo nzima ya udongo nimechekecha, nimepata foraminifera mmoja wa maana, kijidudu cha bahari ya kale, gamba dogo kama punje ya mchanga. Nakuachia wewe mwenye hadubini, na wewe unalipigia chafya, likapeperuka.

EVANCE: Bado linaniumaga. Hata Boke, mpaka leo ile kona ya sebule hapitishi ufagio. Anapapasa na kitambaa chenye maji, anasema siku moja atalikuta.

GHATI: Masikini mdogo wangu.

EVANCE: Eeh. Sasa ule mdomo wa gamba, pale kwenye chumba cha mwisho. Ulisema una jino. Lilikuwa kushoto au kulia?

GHATI: [Anacheka] Leo jino lipo? Si ulisema ni uchafu umeganda?

EVANCE: Niliangalia haraka haraka.

GHATI: Ukaniambia, "Shemeji, vyumba vimepishana safu mbili kama nywele za kusuka, ukuta ni mchanga uliogandishwa, hiyo ni Textularia ya kila siku, usijitafutie ukubwa."

EVANCE: Kwa nje zilifanana —

GHATI: Nikakwambia Textularia mdomo wake ni kijiufa tu, hauna jino. Hii ni jenasi nyingine. Ukabisha. Ukasema kinachoamua ni ukuta, kwamba wa Textularia umejaa vijirija vinavyoutoboa, na vijirija huwezi kuviona mpaka ulisage gamba hadi katikati.

EVANCE: Ndiyo, na tukakubaliana —

GHATI: Tukakubaliana hatusagi. Gamba likiwa moja halisagwi mpaka lipatikane la pili. Ukilisaga umeona ndani, lakini ile nje yake umeiua.

[Mtandao unakwaruza.]

EVANCE: Haloo?

GHATI: Nipo. Sasa jino la marehemu la nini?

EVANCE: Kumbukumbu tu. Kesho kuna wageni hapa, wajiolojia, kila mtu anapewa dakika zake. Nikasema nilitaje, lisipotee bure. Maana uliona mbali, shemeji, ilikuwa jenasi mpya kweli. Ukuta mzima mzima, hauna hata kijirija ki—

GHATI: Rudia hapo.

EVANCE: Mtandao, shemeji —

GHATI: Mtandao mzuri. Ukuta hauna nini?

EVANCE: Nasema labda. Yaani pengine haukuwa na —

GHATI: Ukuta umeuonea wapi, Evance?

[Kwa mbali, honi ya lori.]

GHATI: Mimi ninachojua, ulipiga chafya. Boke na tumbo lake lile, karibu kujifungua, akapiga magoti. Mimi nikaja mpaka Musoma, nikachekecha vumbi lote la sebule yenu. Nikaambulia kucha na punje za sukari.

EVANCE: Shemeji, sikiliza —

GHATI: Nani alikuwa ananishikia tochi?

EVANCE: Tochi?

GHATI: Nauliza tu.

EVANCE: Mimi.

GHATI: Ukawa unasema, "Pale, shemeji, pale chini ya kochi."

EVANCE: Nilitaka nihakikishe kwanza, nikuletee jibu limekamilika. Nikasaga kidogo. Kidogo tena. Unajua ilivyo, unaona umebakiza kidogo tu uone ndani —

GHATI: Najua ilivyo. Ndiyo maana niliogopaga. Na jibu ulilipata.

EVANCE: Nililipata.

GHATI: Kabla ya tochi au baada?

EVANCE: [Sauti ya chini] Kabla.

GHATI: Kwa hiyo natambaa kwenye sakafu, na gamba langu liko kabatini kwako, nusu, limebandikwa kwenye kioo.

EVANCE: Niliogopa ungenifikiria vibaya.

GHATI: Hiyo hofu umeikosea, shemeji. Kama ungeniambia mkono umeteleza, ningekupikia hata sato.

EVANCE: Nisamehe basi. Nitakutaja kesho. Mwisho kabisa, kwenye shukrani —

GHATI: Shukrani. Na jina? Nilisema likiwa jipya liitwe kwa Bukima, tulikozaliwa mimi na Boke. Ukapiga na makofi.

EVANCE: Jina... nimeshawapa. Walitaka haraka, nikaweka tu la —

GHATI: La nani?

EVANCE: Haloo? Unakatika.

GHATI: Usiniambie Evansina.

EVANCE: Ni la muda tu, shemeji.

GHATI: Ni zuri. Linafanana na dawa ya minyoo.

EVANCE: Shemeji, utani baadaye. Bila mdomo hawalipokei. Watasema nimekata Textularia iliyochoka. Hakuna picha ya nje —

GHATI: Hakuna. Simu yako "ilijaa" siku ile.

EVANCE: Kichwa chako tu ndicho kimebaki nalo. Wiki nzima ulilitazama wewe. Kushoto au kulia, neno moja, na jina tutalizungumza kifamilia —

GHATI: Sasa hivi ni familia.

EVANCE: Ghati, salio linakata.

GHATI: Jino lipo. Upande naujua, na umbo lake naliona hapa nilipofumba macho.

EVANCE: Eeh, upande gani?

GHATI: Kaiulize chafya.

EVANCE: Shemeji, tafadhali. Wageni ni kesho asubuhi —

GHATI: Usiku mwema, Evance. Mimi salio ninalo, nampigia mdogo wangu.

EVANCE: Boke? Kumwambia nini?

GHATI: Ile kona apitishe tu ufagio.

EVANCE: Ghati, usimpi—

[Simu imekatika.]