Wasifu Uliokatwa

Kosta ya kutoka Vwawa ilikuwa na abiria wachache, kwa hiyo Mzee Shadrack hakuwa na haja ya kupaza sauti, ingawa alipaza. Tulishajua wote kwamba aliandika magazetini hadi alipostaafu. Imelda, dada aliyeketi karibu naye, alimpa simu aone mazishi ya kijijini Igamba aliyoyarusha mtandaoni.

“Sisi hatukuthubutu kuchapisha jeneza likishushwa,” mzee alisema. “Msiba una heshima yake, mwanangu.”

“Baba, kijana wa marehemu yuko mbali, Kitwe, hakuweza kuwahi. Amemzika mama yake kwa simu hii. Alinipigia analia, akanishukuru.”

Mzee alinyamaza. Nilidhani yameisha, nikasahau kwamba mwandishi wa habari akinyamaza anatafuta swali. “Wasifu wa marehemu ulisomwa?” aliuliza.

“Mjukuu wake aliusoma vizuri tu. Ila niliukata kwenye video, ulikuwa mrefu. Watu wanataka kuona pale watu wanapolia.”

Mzee alimrudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitabu cha nyimbo kanisani. “Huyo mama alikuwa anaitwa nani?”

Imelda akaanza kupekua simu, akipita vilio, mashada, udongo na salamu za pole za watu asiowajua. Alikuwa bado anapekua kondakta alipofungua mlango na kutangaza Tunduma. Wengine tukashuka. Mzee alikuwa amesimama na mkoba wake begani, lakini hakushuka. Alikuwa anasubiri jina.