Mashauri ya Panda Juu ya Requin

Alasiri hiyo Adolphe alimkatia Kalenga nusu ya beignet yake, andazi la sukari, kama kila siku, kisha simu yake ikalia. Walikuwa kwenye benchi la Mama Germaine, pale mtaa wa Panda, Likasi, ambapo kahawa ni chungu na kila mtu ana cheo. Kalenga, dereva wa treni mstaafu, ni Chef de Gare, mkuu wa stesheni. Georges, mchimba shaba wa kujitegemea, ni Ingénieur. Adolphe, aliyekuwa mpima migodi, naye alikuwa na jina la utani, lakini waliacha kumwita hivyo tangu mkewe Simone afariki mwezi wa tatu. Ujumbe ulikuwa sauti ya binti yake Daniella, anayejifunza kupiga mbizi kule Durban.

«Baba, kesho saa ine tunashuka ku mayi, kwenye kuko barequins…»

Aliposikia neno hilo la papa, Adolphe akauzima hapo hapo.

— Requin? Ile ya meno mingi? Kalenga akauliza.

— Ile ile.

— Mwambie asitingishike. Akuwe kama kipande ya muti. Minye nilikutana na mamba ku Lufira, sikutingishika.

— Weye? Mama Germaine akacheka. Ulikuwa ndani ya treni, Chef!

— Mamba haikujua!

Georges akatikisa kichwa.

— Requin hapendi shaba. Avae bracelet ku mikono yote mbili. Mulisha kusikia requin alikula muntu hapa Likasi?

— Likasi haina bahari, Ingénieur.

— Si njo ile niko nasema? Shaba ilibafukuza mpaka mbali!

— Georges, Adolphe akasema. Ni mtoto wangu.

Georges akaweka kikombe chini.

— Bon, vieux. Ku shimo, udongo ikianza kuanguka, haungoje muntu. Unapanda mbio. Na yeye afanye vile.

Adolphe aliijua sheria hiyo. Ilikwisha kumwokoa mara mbili. Akaandika: *Ukimwona, panda juu mbio. Usingoje mtu.* Kidole kilipokuwa karibu kutuma, mama mmoja wa Kapolowe, aliyekuwa akingoja gari na gunia lake la viazi, akauliza:

— Lakini baba, mutoto mwenyewe alikuuliza nini?

Kalenga akamtazama Georges. Georges akatazama kahawa.

— Sikumsikiliza mpaka mwisho, Adolphe akasema.

— Juu ya nini haukumusikiliza? yule mama akauliza.

Adolphe akaitia simu mfukoni bila kutuma. Simone ndiye aliyekuwa akisikiliza ujumbe wa watoto, kisha kumsimulia mumewe wakati wa kula.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, Adolphe alikaa jikoni akausikiliza wote.

«…Moniteur, mwalimu wetu, anasema tukae babili babili, tusimame wima, tumwangalie, mikono karibu na mwili. Akisogea, tunarudi nyuma polepole. Hapana kukimbilia juu: ukipanda mbio na hewa ya chupa, mapafu inaweza kupasuka. Ile siogope, Baba. Lakini nikitoka ku mayi, nilizoea kumupigia Mama. Sasa nitapigia nani?»

Alifuta maneno ya jana. Akaandika, *Unipigie minye*, akatuma. Kisha akachomeka simu kwenye umeme, maadamu ulikuwepo, akavuta kiti karibu nayo.