Bi Hodi na Zile Nyumba Thelathini na Mbili

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa katika Kitengo cha Takwimu cha halmashauri ya mji wetu, Bi Hodi anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye barua ya ajira lipo, ila hata mhasibu huanza kwa kulitafuta kwenye orodha. Mji mzima unamjua kwa hilo la mlangoni: hodi tatu, kimya kidogo, kisha hodi ya nne kwa sauti ya mtu asiye na mpango wa kuondoka.

Alianza kama karani msaidizi, akapewa meza yenye droo moja isiyofunguka. Kazi yake ilikuwa kujua ni akina nani wanaoishi hapa. Mji wetu ni mdogo, watu 6,214 kwa hesabu ya mwisho, lakini ni mchanganyiko. Wapo wenyeji, wapo watu wa milimani, wapo wa ng'ambo ya mto, wapo wenye asili ya bara jingine ambao babu zao walikuja kwa kazi ya miaka miwili wakasahau kurudi, na wapo waliooana katikati ya hao wote. Bi Hodi aliwajua kwa mitaa, kwa koo na mara nyingi kwa ugomvi.

Ripoti yake ya kwanza haijasahaulika. Alipojumlisha asilimia za kila jamii alipata mia moja na kumi na mbili, akaituma hivyohivyo. Ofisi ya juu iliandika kuuliza mji uliwezaje kuwa na watu wengi kuliko uliokuwa nao. Ilikuwa hivi: kila mtoto ambaye baba ni wa huku na mama ni wa kule, Bi Hodi alimhesabu pande zote mbili. Alijibu kwa barua fupi kwamba hakuna mtoto mwenye mzazi wa kutupa, na kama wanataka mia kamili, waongeze kisanduku. Zilipita barua za miaka sita, lakini kisanduku cha "asili zaidi ya moja" kiliongezwa. Katika hesabu ya mwisho watu 1,038 walijiandikisha humo, akiwemo fundi cherehani wa sokoni na wanawe watano.

Aliyefanya kazi naye anazijua sheria zake. Ya kwanza: mtu hajazwi, anajijaza. Marufuku kumtazama mtu pua na rangi ukadhani umeshamsoma, na neno "chotara" haliandikwi mpaka mwenyewe alitamke. Ya pili: fomu nzima hujazwa kwa wino isipokuwa safu ya asili, ambayo hujazwa kwa penseli, kwa sababu hakuna nyumba inayolijibu swali hilo mara moja. Baba anasema hivi, mama anamsahihisha akiwa jikoni, halafu bibi anatoka chumbani kuwaambia wote wawili kwamba hawajui walikotoka. Fomu zetu zilirudi ofisini zimechakaa kwa kifutio, na yeye alizipenda hivyo.

Miaka minane iliyopita, wakati wa hesabu, mvua ilinyesha wiki nzima. Karani mmoja aliyekuwa bado kwenye majaribio alipangiwa Mtaa wa Juu: kaya arobaini na tatu, kilima na matope. Alifanya kaya kumi na moja, akaanguka mara mbili, akarudi ofisini. Zile thelathini na mbili zilizobaki alizijaza akiwa kitini, kwa kuangalia majina ya ukoo na kukumbuka sura za watu. Mvivu hakosi sababu, na sababu yake ilikuwa viatu. Karani huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Watu wengi wa Mtaa wa Juu asili yao ni milimani, lakini wazee wao walichukua majina ya majirani tangu zamani. Mimi nikawaandika wenyeji. Hesabu ilipotoka, watu wa milimani walikuwa 187 mji mzima. Kwa utaratibu wa wakati ule, jamii isiyofika watu mia mbili haikuwekewa mkalimani katika wodi ya wazazi, na mkunga mkuu akaandikiwa kwamba mkalimani wa lugha ya milimani ataondoka mwisho wa mwezi.

Mkunga alikuja kwetu na barua mkononi, hata aproni hakuvua. Alisema wiki hiyohiyo mama mmoja wa milimani alimweleza jambo kwa muda mrefu huku akishika tumbo, na hakuna aliyeelewa hadi mkalimani alipofika mbio. Mama wa watu alikuwa akisema mtoto hachezi tena. Mtoto aliwahiwa, akatoka mzima. "Mwezi ujao nitamsikia kwa masikio gani?" aliuliza, akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

Bi Hodi alitoa fomu za Mtaa wa Juu, akazipanga mezani. Alizitazama, kisha akanitazama. Thelathini na mbili hazikuwa na alama hata moja ya kifutio. Alichosema ni hiki tu: "Mwanangu, fomu zako ni safi mno." Akachukua mwavuli, nami nikamfuata.

Siku nne tulipanda kile kilima, yeye goti likiwa limefungwa bendeji, mimi nimebeba mkoba na aibu yangu. Katika nyumba ya saba ilibainika kwamba nilikuwa nimemwandikia mzee mmoja mke wa pili asiyekuwa naye, na mkewe alitaka aambiwe jina la huyo mwenzake. Bi Hodi alimtuliza kwa nusu saa. Jioni ya siku ya nne tulijumlisha upya tukapata 231. Mkalimani alibaki, na yupo hadi leo. Mkunga ananiambia kwamba tangu wakati huo mkalimani huyo amewatafsiria akina mama hamsini na sita.

Nilingoja barua ya kufukuzwa, haikuja. Nikadhani yameisha. Miaka mitatu baadaye cheo cha mkuu wa kitengo kikawa wazi, tukaomba wawili, yeye na mimi. Nikapewa mimi. Barua ilisema nina "jalada lisilo na doa". Nilishangaa, nikashukuru, nikanyamaza.

Mwezi uliopita, nikitafuta tarehe za kuandika humu, nilifungua jalada la Bi Hodi. Mna karatasi ya mwaka ule kwa mwandiko wake: kaya thelathini na mbili zimerudiwa, kosa ni la msimamizi wa zoezi, karani hahusiki. Msimamizi alikuwa yeye. Chini yake mkono mwingine umeandika kwamba asifikiriwe kupandishwa cheo. Kiti nilichokuwa nimekalia kilikuwa chake, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Nilimpelekea karatasi ile nyumbani kwake. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema nilikuwa kwenye majaribio na mke wangu ana mimba ya kwanza, ningefukuzwa ningekwenda wapi. Akasema tena kwamba mkuu wa kitengo hushinda ndani akisaini karatasi, na yeye asipopiga hodi siku mbili huumwa kichwa. Sijui ni maneno mangapi kati ya hayo yalikuwa ya kunifariji. Nilimwomba ruhusa ya kusema ukweli mbele yenu. Alinipa kwa sharti kwamba nisiseme mengi, na sharti hilo, kama mnavyoona, nimeshalivunja.

Jumanne nilikwenda kwa mkurugenzi na majalada yote mawili. Nilitoka na onyo la maandishi, na sijawahi kufurahia barua ya ofisi namna hiyo. Kwa miaka minane kila aliyeingia ofisini na fomu mkononi alinishtua. Sasa napumua kama mtu aliyetua gunia. Nasikitika kwamba nimechelewa, lakini nimefika kabla hujaondoka, Bi Hodi, na hilo limeniokoa.

Kwa niaba ya makarani wote uliotufundisha kukaa kwanza ndipo kuuliza, kwa niaba ya mkunga na wale akina mama hamsini na sita, na kwa niaba ya fundi cherehani aliyeagiza nisimsahau, ahsante. Tunakuombea goti lipone, wajukuu wakuchoshe kidogo tu, na siku zako zote zilizobaki ziwe za heri. Ile karatasi imetolewa kwenye jalada lako Jumatano saa nne asubuhi, nami nimeiweka kwenye langu kwa mkono wangu mwenyewe. Nenda mwepesi, mama. Lile kosa hutoki nalo. Limebaki hapa, kwa mwenyewe.